Kabati la mwaloni lenye panya mguuni: tulipige msasa?

MtunzaWazee: Wakuu, habari zenu. Niko Yorkshire, Uingereza, nahudumia wazee majumbani. Bibi niliyemtunza miaka minne amefariki, wanawe wakanipa kabati lake la droo nne. Ni mwaloni mtupu, tulilibeba watu watatu. Halina jina la fundi, ila mguuni amechongwa panya mdogo anapanda. Sehemu ya juu ina mawimbi, ukipitisha kiganja unayahisi. Mume wangu anasema fundi hakumaliza kazi, anataka kupiga msasa na vanishi. Mimi moyo unasita, bibi alilipenda mno. Nani alilitengeneza?

FundiPangani: Dada, mwambie shemeji msasa auweke chini leo hii! Hayo mawimbi ni alama za tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao. Nimekulia kwa mafundi wa majahazi, mbao iliyopita tezo naijua hata gizani. Alama ya panya ni ya Robert Thompson (1876–1955) wa kijiji cha Kilburn, huko huko Yorkshire. Uso wa mbao aliuacha hivyo makusudi. Mkiusawazisha, mtakuwa mmeifuta kazi ya mkono wake.

BintiMrima: Kwa nini panya jamani?

FundiPangani: Mtu fukara, Waingereza humwita maskini kama panya wa kanisani. Inasimuliwa Thompson alikuwa kazini na mwenzake wakiuzungumzia umaskini wao kwa maneno hayo, akamchonga panya pale pale. Tangu hapo ikawa sahihi yake.

Mzee wa Mbao: Naongeza. Karakana ya Kilburn haikufungwa alipofariki, na panya bado wanachongwa. Kwa hiyo panya peke yake hathibitishi kwamba ni kazi ya mzee mwenyewe. Mtazame miguu ya mbele: wa mwanzo walikuwa nayo, ikaachwa kwa sababu ilikuwa ikivunjika. Chunguza pia kama amechongwa kwenye mbao ile ile au amebandikwa kwa gundi, maana panya wa kughushi wapo. Usafi ni kitambaa kikavu na nta ya nyuki kidogo. Chuma chenye maji usikiweke juu yake, mwaloni huota doa jeusi.

MtunzaWazee: Nimemmulika kwa tochi. Hakuna gundi, na miguu ya mbele anayo, mmoja umekatika ncha. Mume wangu kaurudisha msasa stoo. Jumamosi tunakwenda Kilburn na picha.