Mifumo ya Dunia au Mabadiliko ya Mazingira: nichukue kozi ipi?

Kaskazi12
Wakuu, naomba ushauri. Mwaka wa pili natakiwa kuchagua moja: Sayansi ya Mifumo ya Dunia au Mabadiliko ya Mazingira Duniani. Nikisoma maelezo naona mapacha tu: hewa ukaa, bahari, barafu, misitu. Tofauti iko wapi hasa? Hesabu zangu ni za wastani.

Mkondo
Jina lisikuchanganye, omba uone mazoezi ya wiki ya kwanza. Mimi nilisoma Mifumo. Tulianza kwa kuchora vipimo vya hewa ukaa vya Mauna Loa, mlima wa Hawaii: mwaka 1958 kama sehemu 315 kwa milioni, sasa zimepita 420. Mstari unapanda, lakini una meno kama msumeno. Saa mbili nzima tulihangaika na swali moja: mbona kila mwaka unashuka kuanzia Mei hadi Septemba? Kumbe nchi kavu na misitu mingi iko kaskazini mwa dunia, na majani yakichipua huko yanavuta kaboni kutoka hewani. Hapo ndipo nilipokubali kwamba hewa na msitu havisomwi mbalimbali.

BintiSaidi
Ni kweli, ila Mabadiliko nayo si kozi ya kupumzikia. Sisi tulipewa ozoni, gesi ya juu angani inayotukinga na mionzi mikali ya jua. Wanakemia Molina na Rowland walitoa hoja 1974 kwamba gesi za CFC, za majokofu na makopo ya kupuliza, zinaiharibu; tundu la ozoni juu ya Antaktika likatangazwa 1985; Itifaki ya Montreal, mkataba wa kuzipunguza gesi hizo, ikatiwa saini 1987. Mwalimu akauliza: mbona hapa mataifa yalielewana upesi, na kwenye hewa ukaa bado yanavutana? Gesi zile zilitengenezwa na kampuni chache, na mbadala ukapatikana. Makaa ya mawe na mafuta yameingia karibu katika kila kazi ya binadamu. Jibu hilo huwezi kulipata kwa mlinganyo, dada yangu au kaka yangu.

Mzamiaji
BintiSaidi, nakuheshimu, lakini mimi nilianza na Mabadiliko na ninajuta. Nilikariri kwamba bahari hufyonza takriban robo ya hewa ukaa tunayotoa, na zaidi ya 90% ya joto la ziada. Siku moja mtu akaniuliza: bahari ikizidi kupata joto, itaendelea kufyonza vilevile? Nikakosa la kusema. Maji yenye joto hushika gesi kidogo kuliko ya baridi, basi! Jambo jepesi, na sikuwa nalo. Anza na Mifumo, siasa utaielewa vizuri zaidi baadaye.

Kaskazi12
Na hizo hesabu?

Mkondo
Kalkulasi ya mwanzo inatosha. Unachora visanduku, yaani hewa, bahari na udongo, unaviunganisha kwa mishale, halafu unahesabu kinachoingia ukitoa kinachotoka. Ugumu unakuja pale mshale mmoja unapoongeza nguvu ya mwingine: barafu ikiyeyuka, maji meusi yaliyobaki yanameza jua zaidi, na barafu nyingine inayeyuka. Hilo lirudie mpaka likukae.

Kaskazi12
Asanteni sana. Nimewaandikia walimu wote wawili kuomba mazoezi ya wiki ya kwanza. Yakifika nitayaweka hapa tuyatazame pamoja.