Mnaowaita vijana wetu mamluki, Fred Brown mmemsahau?

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu sipendi kugombana na watu ninaoshangilia nao timu moja, lakini ile orodha iliyobandikwa humu jukwaani kwetu wiki iliyopita, yenye majina ya vijana waliohama Georgetown, timu yetu ya mpira wa kikapu ya chuo kikuu kule Washington, na kichwa kinachowaita wasaliti na mamluki, imenishinda kumeza. Mwandishi wake ningeweza kumpuuza. Kilichonikera ni msururu wa watu wazima, wenye watoto wa umri uleule, waliopita chini yake wakiongeza majina, mmoja akimwombea mchezaji aumie goti huko aliko, mwingine akiandika matusi ambayo sitayarudia hapa, na karibu wote wakimalizia kwa maneno yaleyale, kwamba enzi za kocha wetu wa zamani, John Thompson, upuuzi huu usingetokea.

Basi tuzizungumze hizo enzi za Thompson, kwa kuwa naona wanaozitaja sana ndio wanaozijua kidogo.

Tarehe 29 Machi 1982, ndani ya Superdome ya New Orleans, mbele ya watazamaji zaidi ya 61,000, tulikuwa fainali ya ubingwa wa vyuo vya Marekani dhidi ya North Carolina. Patrick Ewing alikuwa mwaka wa kwanza, na pointi nane za kwanza za wapinzani zote zilihesabiwa kwa sababu yeye aliuzuia mpira ukiwa tayari unashukia kikapuni, jambo ambalo kanuni inalikataza. Tulikuwa mbele kwa pointi moja hadi sekunde za mwisho, pale kijana mwingine wa mwaka wa kwanza, Michael Jordan, alipotupa kutoka upande wa kushoto na kufunga. Muda wa kujibu ulikuwepo. Mpira ukafika mikononi mwa Fred Brown, mlinzi wetu wa mwaka wa pili, naye akamwona kwa pembeni ya jicho mtu aliyedhani ni mwenzake, akampasia. Mtu huyo alikuwa James Worthy wa North Carolina. Tulifungwa 63 kwa 62.

Sote tunajua alichofanya Thompson. Jitu lile la futi 6 na inchi 10, lenye taulo jeupe begani, lililoogopwa na waandishi wa habari kuliko kocha yeyote wa wakati wake, lilimkumbatia Brown papo hapo uwanjani huku kamera za nchi nzima zikitazama. Miaka miwili baadaye, mjini Seattle, tuliifunga Houston ya Hakeem Olajuwon 84 kwa 75, Thompson akawa kocha wa kwanza mweusi kutwaa ubingwa wa mpira wa kikapu wa daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, na miongoni mwa picha za usiku ule ipo ile ya yeye na Fred Brown wamekumbatiana tena, safari hii kwa furaha.

Sasa niambieni kwa uaminifu: kama Brown angetoa pasi ile leo, uzi wake humu ungefika kurasa ngapi kabla timu haijapanda ndege ya kurudi nyumbani? Nani kati yenu angeandika kwamba abaki? Ninawajua kwa majina yenu ya humu, na ninajua mngeandika nini, kwa kuwa nimeyasoma mliyowaandikia vijana waliokosa mitupo huru katika mechi za Februari ambazo hazikuwa na uzito wowote.

Mimi niliingia kwenye ushabiki huu kupitia Dikembe Mutombo, kama ilivyo kwa wengi wetu tuliotoka upande wa Maziwa Makuu. Tulimwona kwanza akiwa na timu ya Denver katika NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, amelala sakafuni ameushika mpira kwa mikono miwili baada ya kuitoa Seattle mwaka 1994, ndipo tukauliza kijana huyu wa Kinshasa alipitia chuo gani. Kwa hiyo ninasikia uchungu wa pekee pale anapotajwa kama fimbo ya kuwachapia wachezaji wa sasa. Mutombo alifika Georgetown mwaka 1987 kwa ufadhili wa serikali ya Marekani akiwa na nia ya kusomea udaktari. Msimu wa kwanza hakucheza kabisa. Alikuwa akijifunza Kiingereza, yeye aliyekuja kujulikana kwa kusema lugha tisa. Msimu uliofuata alikaa benchi sehemu kubwa ya muda na wastani wake haukufika pointi nne kwa mechi. Ni kweli kwamba katika msimu huohuo kuna mechi moja dhidi ya St. John's aliyozuia mitupo 12, lakini mashabiki wa siku hizi wangeisahau ndani ya wiki moja. Alipofika mwaka wake wa mwisho, 1990–91, alikuwa na wastani wa pointi 15.2 na ribaundi 12.2 (mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa), akachaguliwa wa nne katika drafti ya NBA, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, akiondoka na shahada ya isimu na diplomasia.

Mutombo alisubiriwa. Neno hilo silioni popote katika orodha yenu. Kijana wa sasa akija mrefu, mzito wa miguu, mwenye pointi tatu kwa mechi, kufikia Desemba mmeshamtafutia jina la dhihaka, na kufikia Machi mnauliza kwa nini anaendelea kulipwa. Akiondoka mwezi Aprili, mnamwita msaliti. Mlitaka afanye nini hasa?

Hili la kuondoka nalo limejaa usahaulifu wa ajabu. Allen Iverson alikaa misimu miwili tu, kutoka 1994 hadi 1996, akawa mchezaji wa kwanza wa Thompson kuacha chuo mapema kwenda NBA, na leo nusu yenu mmeweka picha yake penye majina yenu. Michael Graham, yule kijana mwenye kichwa kilichonyolewa aliyewatisha watu katika mashindano ya 1984, alituchezea msimu mmoja pekee. Thompson mwenyewe alimweka pembeni kwa sababu ya masomo, akahama, na bado mnamtaja kwa mapenzi. Jeff Green alitupeleka nusu fainali mwaka 2007 akaondoka baada ya miaka mitatu. Otto Porter alikaa miwili. Sijawahi kusoma neno mamluki likiwekwa mbele ya jina la mmoja wao, na ni haki, kwa kuwa walitumikia timu kisha wakaenda kutafuta riziki. Lakini Thomas Sorber alipoondoka mwaka 2025 baada ya msimu mmoja wenye wastani wa pointi 14.5 na ribaundi 8.5, msimu uliokatishwa na jeraha la mguu mwezi Februari, wapo walioandika humu kwamba ametutumia kama daraja. Oklahoma City ilimchagua wa 15. Sisi tulimpa uwanja, yeye akatupa msimu wa kwanza baada ya muda mrefu ambao tulitazama timu yetu bila kufunika uso. Sioni nani alimdhulumu mwenzake.

Mtaniambia kwamba Sorber ni wa drafti na hasira yenu iko kwa wanaohamia vyuo vingine. Hapo pia turudi kwenye kumbukumbu. Wachezaji wa zamani walikaa miaka minne kwa sababu nyingi nzuri, mojawapo ikiwa ni Thompson mwenyewe, ambaye aliweka mezani kwake mpira uliotolewa upepo ili kila kijana auone na kujiuliza atakuwa nani siku mpira utakapomwishia. Lakini walikaa pia kwa sababu kanuni iliwabana. Aliyehama chuo alilazimika kukaa msimu mzima bila kucheza. Kanuni hiyo ililegezwa Aprili 2021 kwa uhamisho wa mara moja, na mwaka 2024 ikalegezwa tena kiasi kwamba mchezaji anayekidhi masharti ya masomo anaweza kuhama zaidi ya mara moja na kucheza papo hapo. Kati ya hapo, tangu tarehe 1 Julai 2021, wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, haki ambayo Ewing hakuwahi kuwa nayo ingawa jezi yake iliuzwa kila kona ya jiji. Ukimfungia mtu mlango kwa miaka mitatu usije ukajisifu kwamba hakutoka kwa sababu alikupenda.

Na hapa ndipo ninapokasirika kweli. Machi 2023 chuo kilimwondoa Ewing, aliyekuwa amerudi kama kocha wetu, baada ya misimu sita na rekodi ya ushindi 75 kwa vipigo 109, kikamleta Ed Cooley. Cooley ni mzaliwa wa Providence, aliyeifundisha timu ya mji wake kwa misimu 12, na alihama kwenda kwa mpinzani wa ligi hiyohiyo ya Big East. Mwaka uliofuata aliporudi huko na timu yetu, ukumbi mzima ulimzomea. Mlisema nini humu siku hiyo? Mlicheka. Mliandika kwamba kazi ni kazi, kwamba mtu mzima ana haki ya kuangalia maslahi yake na familia yake, kwamba watu wa Providence wakue. Nilikubaliana nanyi, na bado ninakubali. Ila mnieleze inakuwaje mtu wa zaidi ya miaka hamsini mwenye mkataba mnono anaruhusiwa kuangalia maslahi yake, na kijana wa miaka 20 kutoka Trenton au Chicago akifanya hivyohivyo anaombewa goti likatike.

Sisemi wachezaji wasikosolewe. Msimu wa 2023–24 tulishinda mechi 9 na kufungwa 23, na mtu akisema mchezaji wetu Jayden Epps alikuwa anatupa mpira mapema mno kabla ya shambulizi kupangwa, huo ni uchambuzi, tena ninaweza kuuongezea mifano. Mtu akisema ulinzi wetu wa pembeni ulikuwa mlango wazi, sina la kubisha. Ule msimu wa 2021–22, tulipocheza mechi 19 za ligi bila kushinda hata moja, mwaka mmoja tu baada ya kutwaa taji la Big East pale Madison Square Garden kwa kuichapa Creighton 73 kwa 48, ulistahili kila neno kali la kiufundi lililoandikwa. (Nilikesha nikiyaandika mengine mwenyewe, na mke wangu ni shahidi.) Lakini kati ya kusema mtu hajui kulinda na kusema mtu ni takataka pana nafasi kubwa, na nyinyi mmeivuka.

Ninyi wazee wa humu mnaijua vizuri zaidi kuliko mimi habari ya Ewing alipokuwa mwanafunzi. Mashabiki wa vyuo vingine walishika mabango yanayosema hajui kusoma. Palikuwa na bango lililomwita nyani, na ganda la ndizi likatupwa uwanjani. Hilo tunalisimulia kwa hasira kila mwaka, na kila mwaka tunasema kwamba Georgetown ni ya watu waliosimama na vijana wao dhidi ya dunia. Thompson alitoka uwanjani Januari 1989, kabla ya mechi na Boston College, kupinga kanuni iliyokuwa ikitishia kuwanyima vijana maskini ufadhili wa masomo, akaacha timu chini ya wasaidizi wake. Huyo ndiye mnayemtaja mnapowatukana vijana maskini kwa kukubali fedha waliyopewa.

Niongeze jambo moja, kisha niwaache. Katika orodha ile, mahali fulani katikati, yupo Ryan Mutombo. Ndiyo, mtoto wa Dikembe. Alivaa jezi ya chuo cha baba yake katika miaka mibaya kuliko yote tuliyowahi kuwa nayo, akiwa na jina zito kuliko jina lolote ambalo mtoto anaweza kuingia nalo katika ukumbi ule, kisha akahamia chuo cha Georgia Tech, mjini Atlanta, kwao. Baba yake alifariki tarehe 30 Septemba 2024 kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58. Humu ndani tulifungua uzi wa rambirambi uliojaa machozi, na baadhi ya walioandika pale maneno mazuri sana kuhusu hospitali aliyoijenga Kinshasa na kuipa jina la mama yake ndio haohao walioweka alama ya kuunga mkono chini ya orodha inayomwita mwanawe msaliti.

Ninaomba wasimamizi waiondoe. Ikiwa wataona haiwezekani, basi aliyeiandika aje hapa, kwa jina lake lilelile la humu, atueleze kwa nini Ryan yumo na Iverson hayumo.