Ripoti iko safi kwa laptopu yangu, steshenari inavurugika

Mwanafunzi_wa_field: Wakuu naombeni msaada, ripoti yangu ya field nimeandika kwa Word 2016, kwangu iko safi kurasa 42, nimepeleka steshenari kwa flashi kuprinti ikafunguka kurasa 45, majedwali yamekatika na namba za yaliyomo haziendani na kurasa. Halafu nikamtumia msimamizi WhatsApp anasema kwake haifunguki kabisa, inamwambia faili limeharibika. Ijumaa ndo mwisho wa kukusanya, nifanyeje?

Fundi_kompyuta: Pole sana. Hayo ni matatizo mawili tofauti usiyachanganye. La steshenari nadhani ni fonti, Word kwa kawaida inaandika jina la fonti tu haiibebi, sasa mashine isiyo nayo inaweka nyingine, herufi zikiwa pana kidogo mistari inasukumana mpaka kurasa zinaongezeka. Umetumia fonti gani?

Mwanafunzi_wa_field: Vichwa na majedwali niliweka moja niliishusha mtandaoni, kwingine Times New Roman.

Fundi_kompyuta: Basi ndo hiyo. Bonyeza F12, pale chini kwenye aina ya faili chagua PDF, hiyo inabeba fonti ndani na kurasa hazihami. Steshenari usipeleke Word kabisa, hata kama wanakwambia wanayo.

Mama_Data: Mdogo wangu, hilo la msimamizi, ulimtumia kutoka wapi? Kama ni la kwenye flashi linganisha ukubwa na lililo kwenye laptopu. Pia docx, yaani faili la Word, ni zip tu kwa ndani, kifurushi cha mafaili mengine, fanya kopi, badilisha mwisho wa jina iwe .zip, ufungue, ikiwa nzima utaona folda imeandikwa word na picha zako ziko humo kwenye media. Ikigoma kufunguka hilo limeshakufa, usihangaike nalo.

Mwanafunzi_wa_field: Dada umeniokoa!! La kwenye flashi ni KB 512, la laptopu MB 3, na zip imegoma. Nakumbuka pale steshenari wali-save tena kwenye flashi, nikaichomoa haraka foleni ilikuwa ndefu.

Mama_Data: Ndo ilivyokatika hapo. Tuma la kwenye laptopu, na siku nyingine itoe flashi kwa utaratibu, usichomoe tu.

Mwanafunzi_wa_field: Msimamizi amefungua, PDF kurasa 42 zote zimekaa. Ila anataka kurekebisha humohumo, nimtumie na Word?

Fundi_kompyuta: Mtumie zote mbili, ila ile ya Word badilisha kwanza fonti yote iwe Times New Roman.