Kuku wa kuokota kachanika vibaya mgongoni, nimsaidieje usiku huu?

Habarini wadau. Jioni hii nimemkuta kuku jike njiani, nimeulizia kote hakuna mwenyewe. Nahisi mbwa kamkamata maana ngozi ya mgongo imechanika mpaka nyama inaonekana na bawa moja linaning'inia, amelegea kafumba macho ila ukimgusa anainua kichwa. Daktari wa mifugo mpaka kesho. Nimpe maji kwa nguvu? Nioshe kidonda au nisubiri? Sina roho ya kumwacha afe hivi hivi.

mfugaji_mpole:
Ubarikiwe kwa kumuokota. Kama damu bado inatoka, kandamiza kwa kitambaa safi dakika kadhaa bila kuchunguliachungulia. Ikikata, kidonda kisubiri kwanza, apate joto maana mshtuko ndio unaoua wengi usiku wa kwanza. Mwili wa kuku mzima una joto la kama nyuzi 41, akipoteza damu anapoa haraka, so weka kwenye boksi chupa ya maji ya moto uliyoizungushia taulo, ikae upande mmoja tu ili akizidiwa na joto asogee, halafu mfunike kuwe giza na kimya. Maji USIMMIMINIE, tundu la kupumulia liko palepale nyuma ya ulimi, yakiingia huko umemmaliza. Mdondoshee tone pembeni ya mdomo, akimeza mwenyewe unaendelea taratibu. Chakula baadaye.

mama kuku:
Akishachangamka kidogo ndo umuoshe. Chemsha maji yapoe, nusu lita weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi, mwagia kwa bomba la sindano ila sindano yenyewe utoe, na manyoya yanayoingia kwenye kidonda yapunguze kwa mkasi. Ila ukiona kidonda kinatoa mapovu au hewa usimwagie kitu, kuku ana vifuko vya hewa mpaka huko ndani. Spiriti hapana jamani, inachoma na inaharibu nyama mpya. Bawa likunje kama linavyokaa siku zote ulifunge na bendeji laini, usikaze kifua kwa sababu kuku anapumua kwa kukitanua. Na alale ndani, nzi akitaga kwenye kidonda funza wanatoka hata kabla ya siku kuisha.

Muulizaji:
Asanteni sana, amemeza matone kadhaa! Nina vidonge vya antibayotiki vyangu vilibaki, nimpe nusu?

mfugaji_mpole:
Hapana ndugu yangu, usikisie dozi. Lakini kesho usichelewe, meno ya mbwa yanaingiza bakteria ndani kabisa na dawa anaihitaji mapema. Umuulize daktari pia mayai yake yasiliwe kwa muda gani.

mama kuku:
Kama una kuku wengine asichanganyike nao, wakiona damu wanamdonoa, na hujui katoka na ugonjwa gani, mtenge hata mwezi. Nawa mikono kila ukimshika. Halafu ndugu, usiku akianza kupumua kwa kuhema mdomo wazi na kichwa hakiinuki tena, au ukaona utumbo uko nje, mtafute mtu anayejua kumpumzisha haraka, usimwache ateseke mpaka asubuhi. Ila huyo wa kumeza matone mi nampa nafasi, ngozi ya kuku inajifunga vizuri sana ikiwa safi. Kesho tuambie daktari kasemaje kuhusu hilo bawa.