Mrejesho: mtambo wa simu za ofisi uliokuwa ukijizima

Nawashukuru ndugu wote mlionijibu nilipoeleza kuwa mtambo wetu wa simu ulikuwa ukijizima na kuwaka upya kila simu kadhaa za ndani zilipolia kwa pamoja. Kama mlivyoshauri, niliipima pawa saplai (kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za mtambo) ikiwa na mzigo: kadi zote, yaani bodi za saketi zinazochomekwa ndani ya mtambo, zikiwa zimechomolewa, njia yake ya kutoa volti 5 ilisoma 5.1, lakini nilipozirudisha moja moja ilishuka taratibu hadi 4.4, bila kujali nimeanza na kadi ipi, jambo lililoondoa shaka juu ya kadi zenyewe. Njia ya volti 48 haikutetereka.

Fundi aliifungua pawa saplai baada ya kuchomoa waya na kuhakikisha kuwa kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme) kubwa ya upande wa umeme wa ukutani, ambayo huweza kubaki na volti zaidi ya 300, imeisha chaji. Kapasita mbili za upande wa kutoa zilikuwa zimevimba vichwa, na moja imevuja uchafu wa kahawia miguuni. Aliweka nyingine za uwezo uleule, zinazohimili nyuzijoto 105, na sasa volti 5 haishuki hata simu zote zikilia. Feni nayo ilikuwa imeganda kwa vumbi, nimekwisha kuagiza nyingine, kwa kuwa bila hewa ya kuzipoza hata kapasita mpya zitakauka mapema.