Dadangu asomee unesi KMTC Lamu au chuo cha binafsi Mombasa?

Tuktuk_Muyeye

Assalaam alaykum, na hamjambo wote. Mimi naendesha tuktuk hapa Malindi, nyumbani Muyeye. Baba hayupo tena, kwa hivyo karo ya mdogo wangu iko shingoni mwangu.

Huyu msichana alipata C kwenye KCSE, Baiolojia B-, Kiswahili B. Tangu darasa la sita wimbo wake ni unesi. KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, imempeleka KMTC Lamu, chuo cha serikali cha mafunzo ya afya, diploma ya uuguzi. Nasi tukiwa bado tunafurahi, chuo kimoja cha binafsi Mombasa nacho kikamwandikia barua. Karo yao ni 68,000 kwa muhula, mihula miwili kwa mwaka. Tulikwenda kukiona. Jengo lina lifti, vitanda vya kujifunzia vipya kabisa, na tulirudi na kalenda na kalamu za bure. Karo ya KMTC ni ndogo kuliko hiyo, lakini Mombasa tuna shangazi Kisauni, atalala na kula huko. Lamu hatuna mtu.

Lamu nako ni kisiwa, ni lazima uvuke kwa boti, na hapo kuna mama. Ndugu yake alitoka Ngomeni na mashua kuvua, hakurudi. Ukimtajia boti anainuka anaenda jikoni.

Tuktuk si yangu. Nikishatoa petroli na ya mwenye chombo, siku nzuri nabaki na 1,200. Watalii Wataliano wakishaondoka, nikiona 700 nasema alhamdulillah. Nimepiga hesabu mpaka nyuma ya risiti za petroli zimejaa.

Ninachotaka kujua: hospitali ikiajiri inajali cheti kimetoka wapi? Na yeye ana ndoto ya kwenda Marekani au Uingereza baadaye. Huko wanatazama nini?

Msema_Wazi

KMTC. Binafsi ni kwa wenye pesa. Next.

Bi_Nesi_Amu

Mwanangu, nimekuwa nesi miaka ishirini na sita, mingi yake Lamu, na mingi ya hiyo leba, wadi ya kujifungulia. Wacha nikwambie, na msema wazi hapo juu anisamehe, jibu la neno moja halifai hapa.

Kwanza iondoe ile lifti akilini. Mgonjwa hapandi lifti ya chuo.

Liko Baraza la Wauguzi la Kenya, NCK. Orodha ya vyuo walivyovikubali iko kwenye tovuti yao, wazi, huhitaji kumjua mtu. Mwanafunzi akiingia chuo kilichokubaliwa, baraza humpa nambari, sisi twaita indeksi. Hana indeksi, hafanyi mtihani wa baraza. Hajafanya mtihani, hapati leseni. Na bila leseni hiyo diploma ni ya kufungia njugu. Basi kabla hujatoa shilingi, tafuta jina la chuo kwenye orodha, na ulitafute lilivyoandikwa kwenye barua, si linalofanana nalo.

Barua yenyewe isome neno kwa neno. Alikuja kwangu msichana wa upande wa Mpeketoni kuomba nafasi ya mazoezi wadini. Amesoma miaka miwili, baba ameuza ng'ombe watatu. Nikamwambia nionyeshe karatasi zako. Zimeandikwa diploma ya Afya ya Jamii. Kozi ya uuguzi ni Uuguzi wa Afya ya Jamii. Neno moja halimo. Ile aliyosomea ni kazi ya halali ina watu wake, lakini si unesi, na hakuna aliyemwambia. Nilimpa maji ya kunywa, sikuwa na kingine cha kumpa. Wako pia wanaouza vyeti vya miezi sita vya nesi msaidizi. Wale si wauguzi wa kusajiliwa, hata wakivaa nyeupe.

Sasa hospitali. Unesi ubaoni ni nusu, hiyo nyingine iko kitandani kwa mgonjwa. Chuo kisicho na hospitali yake huwaombea wanafunzi nafasi kwa watu. Wanafika wadi kama wageni wa harusi wasioalikwa, hawajui dawa zinakaa wapi, na sista mwenye zamu ana watoto wake wa kufundisha. Waulize hao wa Mombasa: dadangu atafanyia mazoezi hospitali gani, na ruhusa imeandikwa?

Hapa kwetu wanafunzi hufika Hospitali ya Kaunti ya King Fahd. Si kubwa, sitakudanganya. Mambo mengine hatayaona hapa, itabidi apelekwe kwingine kwa wiki kadhaa, na hiyo nauli itie kwenye hesabu zako za nyuma ya risiti. Lakini atayaona ambayo darasani hayamo. Mama anatoka Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, na uchungu. Kuja Amu, yaani hapa mjini Lamu, kwa njia ya ndani ni lazima kupita Mkanda, kati ya Manda na bara, na Mkanda maji yakipwa ni mchanga na matope, chombo chenye uzito hakipiti. Watangoja maji yajae au wazunguke nje, kwenye mawimbi. Akishatufikia, saa zilizoandikwa kwenye karatasi ya rufaa na saa alizoteseka si sawa. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, mtulivu, hata jina lake nilikuwa nalisahau. Akampokea mama wa namna hiyo, na kabla hajampima presha akauliza, "Mlishuka botini maji yakiwa vipi?" Nikajua huyu amekuwa mkunga. Hakuna kitabu kilichomfundisha swali hilo.

Mambo ya pesa: barua ya KMTC ipeleke mapema afisi ya basari ya NG-CDF, mfuko wa eneo bunge, na ya kaunti, na yeye aombe mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Ukingoja mpaka karo idaiwe utakuta foleni imekwisha. Samaki Lamu hatamkosa, mboga ni bei, zavushwa.

Mpwani_Minnesota

Kaka, mimi ni wa Maweni hapo Malindi, niko Minnesota, Marekani, mwaka wa kumi na moja, ni nesi wa wadi ya moyo. Bi Nesi amemaliza ya huko, mimi nitasema ya huku kwa sababu umeuliza.

Nami nilisimama njia panda kama hii yenu. Huku kuna koleji za jamii, ambazo ni za umma na karo yake ni nafuu, na kuna vyuo vya binafsi. Koleji ya jamii inakupa diploma inayoitwa ADN, miaka miwili, ila kabla hujaingia kuna masomo ya kutanguliza: anatomia, fiziolojia, mikrobaiolojia. Chuo kikuu kinakupa shahada, BSN, miaka minne. Wote wawili wanakalia mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN. Kompyuta ya mtihani haijui ulilipa karo ngapi.

Chuo cha binafsi karibu na kwangu kiliniambia nianze mwezi ujao. Koleji ya jamii ikaniambia nafasi zimejaa, ngoja. Shemeji zangu walinicheka nilipoamua kungoja. Mwaka huo nilisoma yale masomo ya kutanguliza huku nikiogesha wazee usiku kwenye nyumba ya kulea, na nikaanza bila deni. Rafiki yangu aliyekwenda kule haraka ni nesi mzuri sana, leseni yake na yangu ni moja. Ila yeye bado analipa mkopo.

Lakini ADN nayo ina mwisho wake. Hospitali kubwa nyingi zinapenda wenye shahada, na New York ilipitisha sheria mwaka 2017 kwamba wauguzi wapya wasio na shahada waipate ndani ya miaka 10. Mimi niliongeza yangu kwa intaneti nikiwa kazini, mwajiri akalipa sehemu.

Kwa dadako, ushauri wangu ni asiikimbilie Marekani kama mwanafunzi. Viza ya F-1 inataka uonyeshe pesa ya mwaka wa kwanza yote, na mwaka huo huruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo. Pesa ya tuktuk haitafika. Amalize hapo, apate leseni ya NCK, afanye kazi, ndipo aangalie. Na Uingereza ilitia saini mkataba na Kenya mwaka 2021 kuhusu wahudumu wa afya, lakini nao wanataka nesi aliyesajiliwa tayari.

Jambo ambalo watu hawalifikirii: ukitaka leseni ya Marekani, rekodi za masomo yako, masaa ya darasani na ya wadini, zinatumwa na chuo chenyewe moja kwa moja. Huzibebi wewe mkononi. Sasa chuo kikifungwa baada ya miaka sita, nani atazituma? KMTC ipo tangu 1927. Kwa hilo tu mimi ningepanda boti.

Umm_Swaleh

Samahani, nitakuwa kinyume kidogo. Nilisoma binafsi na sijuti. Lakini chuo changu kilikuwa cha misheni, na hospitali yake iko ng'ambo ya ua. Darasa letu tulikuwa thelathini na wawili. Mama mmoja anayejifungua, wanafunzi wawili, na mwalimu anakujua kwa jina la mamako. Tulipokwenda mazoezi hospitali kubwa tulikutana na wenzetu wa serikali, saba wamezunguka kitanda kimoja, wa nyuma anajifunza mgongo wa mwenzake. Kwa hivyo jamani, "binafsi" lisiwe tusi. Na mwajiri wangu wa sasa aliuliza leseni na akanipa zamu ya majaribio usiku. Chuo hakukitaja.

Kaka, kama hao wa Mombasa wana hospitali na wako kwenye orodha, shangazi wa Kisauni ni hoja nzito. Chakula na chumba miaka mitatu si mchezo.

Tuktuk_Muyeye

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Leo nimepaki kivulini nikapiga simu chuoni, dada akiwa kiti cha nyuma anasikiliza.

Nikauliza, mazoezi ni hospitali gani? Yule bibi akasema wana ushirikiano na hospitali nyingi. Nikasema nitajie mbili tu. Akanipa meneja wa masoko. Nikamuuliza huyo meneja, indeksi ya baraza wanafunzi hupewa lini? Akasema kibali kiko mbioni.

Nimeendesha tuktuk miaka tisa. "Niko mbioni" naijua, ndiyo ninayomwambia abiria kwenye simu nikiwa bado nanywa chai. Tena orodha ya NCK tumeitazama mara mbili, jina lao hatujaliona.

Umm Swaleh, chuo kama chako kingekuwa Mombasa karibu na shangazi na karo naiweza, ningeacha yote. Kwa sasa sijakipata. Dada amekwisha amua, ameanza kuuliza bei ya ndala za wadini. Limebaki la mama. Nimemsomea aliyoandika Bi Nesi, akanyamaza mpaka kwenye Mkanda, akasema: "Boti ya kutoka Mokowe inapita hapo?"

Bi_Nesi_Amu

Haipiti, mwambie mama atulie. Mkanda ni njia ya kwenda Pate. Atapanda basi Malindi, Garsen, Witu, lami siku hizi, ashuke Mokowe. Kutoka Mokowe kuja Amu ni kuvuka tu, chai ya moto kwenye kikombe haijapoa. Asafiri mchana, na boti isiyo na majaketi ya kuokolea asiipande hata ikiwa ya mwisho. Siku ya kuripoti mama aje naye, ayaone mwenyewe. Nikiwa siko zamu nitakuwa gatini.

Tuktuk_Muyeye

Nimemsomea. Hakuinuka kwenda jikoni. Ameuliza hayo majaketi kama yapo ya mtu mnene.