Nimekwama sekunde 66 kwa mita 400, nifanye nini?

MbioUmoja
Wasee, habari za leo. Mimi ni wa Umoja, miaka 33, sijawahi kukimbilia shule wala kuingia kambi yoyote, nilianza tu miaka miwili iliyopita na majirani na sasa kila Jumamosi asubuhi tunakutana kwa uwanja wa shule tunapimana. Mita 400 ndio imenishika moyo. Taimu yangu bora ni 66.2, niliipata Machi, na tangu hapo ni 66, 67, 66, siku mbaya 68. Na sio ati sifanyi mazoezi! Saa kumi na moja alfajiri nakimbia kilomita tano kabla nipande mat ya tao, siku sita kwa wiki, hata Julai na ile baridi sikukosa. Mita 200 pekee naenda 27.8. Shida ni ile mia ya mwisho, nikitoka kona ya pili miguu inakuwa magogo, mabega yanapanda mpaka masikioni, shingo inakaza, naona mstari uko pale lakini ni kama unarudi nyuma. Nataka kushuka chini ya 63 kabla Desemba. Niongeze kilomita? Ninunue spaiki, vile viatu vya misumari? Niambieni ukweli, hii kitu naiota usiku.

KochiWaMtaa
Kilomita usiongeze hata moja. Kabla niseme kingine, hiyo siku ya 66.2 ulipita mita 200 na ngapi?

MbioUmoja
Kuna kijana alikuwa amesimama pale upande wa pili na simu, akasema 28.5.

KochiWaMtaa
Basi hapo ndio pesa yako imepotelea. Hebu piga hesabu, 66.2 toa 28.5 inabaki 37.7. Yaani nusu ya pili umekimbia sekunde tisa polepole kuliko ya kwanza. Mtu wa 27.8 kupita 28.5 ni kama amekimbia 200 yote kwa nguvu zake zote halafu akaambiwa sasa ongeza zingine. Hesabu ya kienyeji tunayotumia ni hii, chukua taimu yako ya 200 zidisha mara mbili halafu ongeza nne mpaka sita, kwako inatoka kitu kama 60 hadi 62. Kwa hivyo spidi ya 63 unayo tayari mwilini, hujui tu kuigawa. Jumamosi ijayo pita 200 na 30, hata kama jirani amekuacha mita tano mwache aende, utamkuta kwa kona.

Sasa hizo kilomita tano. Mwili hujifunza kile unaufanyia kila siku, na wewe kila siku unaufundisha kwenda mwendo wa wastani ukiwa umechoka kidogo. Bakisha siku moja ama mbili za kukimbia pole. Jumanne fanya kasi tupu, mita 40 mara sita, kila moja kwa nguvu zote, na katikati upumzike dakika tatu nzima. Wengi hapa ndio huharibu, wanapumzika nusu dakika wakidhani kuhema ndio mazoezi. Ile akiba ya kwanza ya nguvu kwa msuli huisha ndani ya sekunde chache na inahitaji dakika kadhaa kujaa tena, ukirudi mapema unakimbia polepole na unajifunza upolepole. Alhamisi ama Ijumaa fanya mita 300 mara mbili kwa mwendo ule ule wa 63, yaani kama sekunde 47, katikati pumzika dakika nane mpaka kumi. Hiyo ya pili utaichukia lakini ndio inafundisha miguu kuendelea kupiga wakati imejaa. Wiki ambayo unapimwa Jumamosi, hizo 300 zifanye Jumatano, usije umechoka.

Na usidhani hii mbio sio yetu, Julius Sang alichukua shaba ya 400 kule Munich 1972 na mwaka huo huo Kenya ikabeba dhahabu ya 4x400, ile ya kupokezana kijiti watu wanne, halafu Samson Kitur akaleta shaba nyingine Barcelona 1992.

DadaWaLangata
Nakubaliana na kochi. Mimi nina miaka 41, nimetoka 79 hadi 73, na kitu ilinisaidia sana ni uso. Ndio, uso! Nikifika pale mia ya mwisho nalegeza taya, mashavu yanatingishika kabisa, vidole nashika kama nimebeba yai. Ukikaza taya shingo inakaza, shingo ikikaza mabega yanapanda, na mikono ikipanda hatua inakuwa fupi. Jaribu hiyo kwa zile 300 kwanza, siku ya kupimwa haitakuja yenyewe.

Kingine kakangu, pasha mwili joto vizuri. Mwaka jana Julai nilifika uwanjani nimechelewa, nikafanya dakika tano tu nikaingia mita 60 kwa nguvu zote, hatua ya nane hivi nikasikia kitu kama kamba imekatika nyuma ya paja. Wiki sita nyumbani. Siku hizi ni dakika 25, mbio za pole, kurusha miguu, halafu mita 60 nne nikipandisha mwendo kidogo kidogo. Spaiki zinasaidia lakini kama uwanja wenu ni wa vumbi na mawe zisubiri, tafuta kwanza kiatu chepesi kinachobana vizuri, Gikomba ama Toi utapata, jaribu ukiwa na soksi zako.

SaaMkononi
Naongeza moja tu ambayo watu hupuuza. Nani anakupima? Kidole cha mtu kina uvivu wake, ndio maana wanaolinganisha taimu ya mkono na ya mashine huongeza 0.14 kwa 400 na 0.24 kwa 100 na 200. Leo akipima huyu kesho yule, utajisifu ama ujilaumu bure. Mtu mmoja, kila wakati, na aanze saa akiona mkono ukishuka, asingoje sauti. Pia hakikisheni uwanja ni 400 kweli, na ukikimbia mzunguko mzima kwa leni ya pili bila kusogezwa mbele umekimbia zaidi ya mita saba za bure, hiyo ni kama sekunde moja kwa mwendo wako.

Nairobi pia tuko juu, karibu mita 1,700, hewa nyepesi haikuzuii sana ukiwa kwa kasi, Ferdinand Omanyala, mkimbiaji wetu wa mita 100, alipiga 9.77 hapa hapa Kasarani Septemba 2021. Lakini kupumua kurudi chini kunachukua muda, kwa hivyo zile dakika za kochi usizipunguze.

MbioUmoja
Wiki tano baadaye, narudi na ripoti. Jumamosi nimepita 200 na 30.4, jirani alikuwa mbele sana mpaka nikaogopa, nikalegeza taya vile dada amesema, nikamkuta mita 80 zikiwa zimebaki. Jumla 64.3! Nusu ya pili 33.9, sijawahi. Miguu ilijaa lakini mstari haukurudi nyuma. Ila kigimbi cha mguu wa kushoto kinauma tangu jana nikishuka ngazi, niendelee na Jumanne?

KochiWaMtaa
Hongera sana kaka, nimefurahi kama ni mimi nimekimbia. Jumanne acha kabisa, tembea tu. Kama Alhamisi bado kinauma ukishuka ngazi usikimbie, muone mtu wa misuli. 63 haiendi popote.

MbioUmoja
Sawa kochi. Kikipona, Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapima tena saa moja asubuhi, yule kijana wa pale mita 200 amesafiri. Kuna mtu wa upande wa Umoja ama Kayole anaweza kuja kunishikia saa?